Ambulensi ya Funzi Haina Magurudumu

Namba 999 tuliyorithi kwa Mwingereza ilizaliwa na moto. Mwaka 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto aliwekwa kwenye foleni, kama mtu anayetaka kumsalimia shangazi yake. Akawaka, akaandika barua gazetini, na mwaka 1937 London ikapata namba ya dharura.

Lakini kupiga simu ni nusu ya shughuli. Nusu ya pili ni hii: nani yuko karibu? Mwaka 1970 mji wa Seattle, Marekani, ulijibu: wazima moto. Daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery waliwafunza wazima moto kushtua moyo kwa umeme na kutoa dawa palepale mgonjwa alipoangukia. Mbona wao? Si unajua, vituo vyao vimetapakaa mitaani, usiku kuna watu zamu, gari liko tayari, na nyumba haziungui kila saa. Baadaye wakaanza kufundisha hata raia wa kawaida kufinya kifua, maana moyo ukisimama ubongo huharibika kwa dakika chache tu. Hilo ndilo lililonivutia kuliko gari lenyewe.

Kwetu, Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne likazipa kaunti ambulensi na zimamoto, zote mbili. Karatasi safi kabisa. Ila Funzi ni kisiwa. Hata ambulensi ikija mbio, itakomea Bodo, ng'ambo, ikisubiri mgonjwa avushwe. Kutoka hapo ndiyo lami ya Lunga Lunga hadi Msambweni. Na akipewa rufaa ya Mombasa, kwa miaka mingi bado kulikuwa na feri ya Likoni mbele yake.

Kwa hiyo binamu yangu aliposhikwa na uchungu saa nane usiku, aliyegongewa mlango ni nahodha. Hakuuliza dalili. Aliuliza maji yako wapi. Siku za bamvua maji yakitoka, boti hukaa juu ya matope, na mgonjwa hubebwa kwa kitanda cha kamba kandokando ya mikoko mpaka penye kina. Halafu petroli: wanaume walisimama gizani wakichangishana noti kwa tochi ya simu, mtu akiugua hapo chini. Mtoto alizaliwa Msambweni, mzima.

Juzi nilimuuliza nahodha kama angepewa kitu kimoja, angetaka nini. Nilitarajia aseme injini mpya. Akasema mtungi wa petroli ambao hakuna ruhusa kuugusa kwa uvuvi, na mtu wa kuja kumfundisha mwanawe jinsi ya kuzuia damu, kwa sababu yeye mwenyewe mikono yake iko kwenye usukani.