Ile Duara Nyekundu: Historia Fupi ya Skrinshoti, Kuanzia Kibera

Wasee, leo tuongee kuhusu ile duara nyekundu. Unaijua. Mtu ananasa skrini, anazungushia mstari mmoja, anapiga mshale, anaandika "soma hapa" na kutuma kwa grupu. Wakubwa wanaona ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Mimi naona ni historia, na sura yake tamu zaidi iliandikwa Kibera.

Mashine kwanza, haraka haraka. Kompyuta ya IBM ilipotoka 1981, kitufe cha PrtSc kilifanya kile jina lake linasema: maneno yaliyokuwa kwenye skrini yalienda kwa printa yakatoka kwa karatasi. Windows ikabadilisha kazi hiyo. Ukibonyeza, picha inakaa kwa kumbukumbu ikingoja uibandike mahali, na kwa saiba za Kawangware nilikokulia mahali hapo palikuwa Paint. Siku hizi ni Windows, Shift na S pamoja, unakata kipande unachotaka, kalamu iko hapo hapo.

Sasa Kibera. Hadi 2009, ukifungua ramani ya mtandaoni ulikuta mtaa huo ni kama doa tupu. Picha za setilaiti zilionyesha mabati mpaka macho yanachoka, lakini kwenye ramani hakukuwa na kichochoro, zahanati wala choo. Hata idadi ya watu ilikuwa ya kubishaniwa: wengine waliandika milioni moja, halafu sensa ya mwaka huo ikahesabu 170,070. Yaani watu wanazungumziwa duniani kote na hakuna anayejua wako wangapi, wala mlango wao uko wapi.

Novemba 2009 vijana 13 wa Kibera walishika GPS wakaanza kutembea. Mradi uliitwa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Walipita vichochoroni wakirekodi, kisha wakakaa kwa kompyuta: picha ya setilaiti chini, alama zao juu, na kila kitu kikaingia OpenStreetMap ambapo yeyote anaweza kukiona bure.

Angalia vizuri walichofanya. Picha ya chini haikuwa yao, ilipigwa na chombo kilicho juu angani. Alama ya juu ndiyo ilikuwa yao. Setilaiti haijui kwamba bati hili ni shule na lile la pembeni ni kanisa. Anayejua ni yule anayepita hapo kila asubuhi. Baadaye ramani zilichapishwa, na wakazi, wasichana wakiwemo, wakachora juu yake kuonyesha mahali salama na mahali pa kuogopa. Kwangu hiyo ndiyo skrinshoti yenye duara, ila kwa karatasi.

Halafu kuna kile kinachoniuma. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza nyumba, na shule zikabomolewa. Ukifungua ramani leo unaona barabara safi, ni kama ilikuwa hapo tangu zamani. Ramani hai hujisasisha, na ikijisasisha inafunika. Ni kweli OpenStreetMap huhifadhi mabadiliko yake ya zamani, lakini nani mtaani atakaa kuyachimba? Skrinshoti haijisasishi. Iliyonaswa Juni 2018 bado ina shule.

Kawangware tumeitumia kwa mambo mepesi pia. 2014 mradi wa Digital Matatus, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki, ulitoa ramani ya njia za matatu za jiji zima. Binamu akitoka ushago namtumia kipande chake chenye mshale: panda 46, shuka hapa, usikubali kupelekwa mbele.

Kisha 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa hati ndefu, ya Kizungu cha mawakili. Vijana walinasa kurasa, wakazungushia VAT ya 16% kwa mkate na kodi ya 2.5% kwa magari, wakaandika pembeni maana yake kwa lugha ya nyumbani. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate ikatangazwa kuondolewa. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Sisemi duara nyekundu pekee ndiyo ilifanya hayo. Nasema ndiyo iliyofanya mama mboga na mtoto wake wasome kifungu kimoja.

Ila duara pia inaweza kudanganya. Ukikata tarehe na anwani ya ukurasa, umebaki na picha tu, na mtu akitaka kuikana ataikana. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kompyuta iende mahakamani na cheti: ilitolewa vipi, kwa kifaa gani, na saini ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa hivyo mimi huweka mbili. Moja nzima, haina hata nukta ya wino, saa ya kompyuta inaonekana pale chini kona. Nyingine ndiyo ya kuchora, na hiyo ndiyo inaenda kwa grupu.