Fundi wa Kisauni na Baiskeli ya Shoki Mbili

Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walipanda mlimani na baiskeli kuukuu za Schwinn, kisha wakashindana kushuka nazo njia ya vumbi. Breki zilizokuwa ndani ya habu zilichemka hadi grisi ikageuka moshi. Wakifika chini, lazima wazifungue na kuzitia grisi upya, ndipo mashindano yakaitwa Repack. Punde Joe Breeze akaanza kuunda fremu maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 1989 ukaja uma wa RockShox wenye shoki, na kwenye miaka ya 1990 shoki ya nyuma nayo ikaenea.

Historia husimulia hivyo, na si uongo. Lakini huku kwetu baiskeli zilikuwa zikiundwa upya kitambo. Black Mamba, mjukuu wa zile Raleigh za Nottingham, ilikuja na chuma kizito na rimu za inchi 28. Mafundi wakaongeza vyuma kwenye uma na kuipanua keria, ikabeba madafu, mkate na mitungi ya maji. Busia, miaka ya 1960, waliweka mto juu ya keria wakavusha abiria mpakani, na boda boda ikazaliwa. Ukifikiria, mto ule ulikuwa shoki ya abiria.

Siku hizi, ndani ya mitumba inayoshuka Kilindini, hutokea fremu ya shoki mbili iliyomchosha mtu Ulaya. Ikivuka feri hadi Likoni, au daraja la Nyali hadi Kisauni, inakutana na fundi. Yeye hupima kwanza shoki ya nyuma, tundu hadi tundu. Akifunga fupi kuliko inavyotakiwa, baiskeli inakaa chini na pedeli zinagonga mawe. Beringi za maungio anazisafisha na kuzitia grisi, maana chumvi ya bahari haina huruma. Halafu anakukalisha juu ya siti. Shoki yenye mwendo wa milimita 50 yafaa izame kama 15 kwa uzito wako. Ikizama zaidi, anaongeza upepo, ikigoma, anapunguza. Huo uzito ni wako wewe, si wa yule wa Ulaya.

Sasa tazama majina. Aliyefufua Schwinn kuukuu California anaitwa mvumbuzi, na vitabu vinamtaja. Anayefufua fremu Kisauni tunamwita fundi wa jua kali, tena tunamwomba apunguze bei. Grisi ni ile ile, bwana.

Mafundi waliozoea Black Mamba wanazeeka, na wanachokijua kimo mikononi mwao tu. Ukipeleka baiskeli yako wiki hii, muulize alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani. Kisha andika.