Kupandisha kiti cha magurudumu mlimani

Kupandisha kiti cha magurudumu mlimani ni kazi ya kuendesha kiti cha magurudumu (pia: kiti mwendo) kisicho na mota kwenye mwinuko kwa nguvu za mikono. Mtumiaji husukuma ringi zilizofungwa kando ya magurudumu makubwa ya nyuma. Mwinuko ambao mtu anayetembea hautambui unaweza kumzuia mtumiaji wa kiti kuingia peke yake darasani, zahanati au ofisini.

Kani zinazohusika

Kwenye sakafu tambarare na ngumu, mtumiaji hushindana hasa na msuguano wa magurudumu. Kwenye mwinuko huongezeka sehemu ya uzito wake na ya kiti inayovuta kurudi chini.

Tuchukue mfano wa mtu wa kilogramu 80 katika kiti cha kilogramu 15. Ikiwa msuguano ni asilimia 1.5 ya uzito, kani inayohitajika ni takriban:
* sakafu tambarare: newtoni 14
* mwinuko wa 1:20: newtoni 60
* mwinuko wa 1:12: newtoni 91
* mwinuko wa 1:6: newtoni 167

Uwiano wa 1:12 maana yake ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo, yaani pembe ya nyuzi karibu 4.8. Hata hapo kani imeshazidi mara sita ile ya tambarare. Mchanga, kokoto au matairi yasiyo na upepo wa kutosha huongeza msuguano zaidi.

Kazi ya mwili

Misuli inayotumika zaidi ni ya kifua, ya mbele ya bega na ya mkono wa juu. Misuli hiyo ni midogo kuliko ya miguu, hivyo huchoka mapema. Tena, sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto: kwa kawaida isiyozidi asilimia 10 ndiyo inayogeuka kuwa mwendo.

Mikono inapoachia ringi ili kushika upya, kiti huanza kurudi nyuma. Kwa hiyo mtumiaji hupiga misukumo mifupi ya harakaharaka, bila nafasi ya kupumzika. Pia huinamisha kiwiliwili mbele, kwa kuwa mlimani kiti huweza kupinduka kinyumenyume. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hupata shida zaidi, kwa sababu misuli ya kiwiliwili haimtii na mapigo ya moyo wake huenda yasiongezeke vya kutosha.

Madhara

Bega halikuumbwa kubeba kazi ya miguu. Kusukuma kwa nguvu kila siku huweza kuleta maumivu ya bega na kubanwa kwa neva ya kifundo cha mkono. Kwa mtumiaji wa kiti, kuumia bega ni sawa na kupoteza mwendo. Wakati wa kuteremka, ringi huunguza viganja, ndiyo maana wengi huvaa glavu.

Vipimo vya rampu

Rampu haipunguzi kazi ya kupanda. Inaigawa katika umbali mrefu zaidi ili kani iwe ndogo. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinahitaji rampu ya mita 5.4 kwa uwiano wa 1:12. Nchini Marekani uwiano huo ndio kikomo cha kawaida, na pahali tambarare pa kupumzikia panatakiwa kabla ya kupanda zaidi ya sentimita 76.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006) unazungumzia ufikikaji katika kifungu cha 9. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Kupunguza mzigo

Kiti chepesi, matairi yaliyojazwa vizuri na kizuizi cha kurudi nyuma husaidia. Baiskeli ya mikono yenye magurudumu matatu, inayoonekana sana Afrika Mashariki na Kongo, hutumia nguvu vizuri zaidi barabarani, lakini ni kubwa mno kwa milango mingi. Msaidizi husukuma kutoka nyuma, baada ya kumwomba mtumiaji ruhusa.