Nyanya Alivuka na Shilingi Moja, Mimi Navuka na Kadi Nakatwa

Juzi nilivuka Horohoro nikaenda Tanga, nikatoa pesa kwa ATM na kadi yangu ya Kenya. Kurudi Lunga Lunga, nacheki akaunti: makato matatu kwa kutoa mara moja tu! Nikamwonyesha nyanya. Akacheka: "Mjukuu wangu, sisi Tanga tulienda na shilingi hii hii, tukarudi nayo."

Wasee, hakuwa anatania. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na kuanzia 1921 shilingi yake, ile yenye picha ya simba, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ikaingia 1936. Kisha 1966 benki kuu za nchi zetu zikaanza kutoa pesa zao. Hapo ndipo Lunga Lunga ikawa mpaka wa pesa pia.

Kadi nazo zilikuwa zishaanza mbali. Diners Club ilianza New York 1950, watu wale hotelini walipe baadaye. Mwaka 1958 BankAmericard ikazinduliwa Fresno, California. Leo tunaiita Visa.

Sasa shika hizi tofauti. Kadi ya debiti inakata pesa zako mwenyewe, papo hapo. Kadi ya mkopo inatumia pesa za benki. Ukilipa deni lote kwa wakati, mara nyingi hulipi riba, lakini ukiitoa keshi, riba kwa kawaida inaanza siku hiyo hiyo. Ya kulipia kabla unaijaza kwanza, ikiisha imeisha.

Na yale makato yangu matatu? Moja la mwenye ATM, moja la benki yangu, moja limejificha ndani ya bei ya kubadilisha pesa. Kwa hiyo ukiwa Tanga, mashine ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua za Tanzania, kwa sababu bei ya mashine mara nyingi ni mbaya zaidi. Tena toa mara moja, si vijielfu vijielfu kila siku.

Mwaka 2013 marais wetu walisaini mkataba wa sarafu moja, lengo likiwa 2024. Mwaka umepita, sarafu hatujaiona. Mimi naona hivi: wakoloni walituwekea shilingi moja kwa faida yao. Sisi tuliojitawala tunashindwaje kuiweka kwa faida ya mama anayevuka kila wiki kuleta machungwa ya Muheza?