Utani na Unyapara katika Bonde la Lukuledi

Mtama, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi katika mkoa wa Lindi, umo katika bonde la mto Lukuledi, na kabla ya kuwapo barabara bonde hilo lenyewe ndilo lililokuwa njia, kwa kuwa misafara iliyotoka bara, mingi yake ya Wayao, ililifuata ikishuka na pembe za ndovu, watumwa na baadaye mpira wa porini hadi bandari ya Lindi, kama vile misafara mingine ilivyoshuka Kilwa Kivinje. Njia hizo zimeandikwa zaidi kwa hesabu ya bidhaa zilizopita. Mara chache zimeandikwa kama historia ya kazi, yaani namna mamia ya watu wasio wa kabila moja walivyoongozwa kwa majuma mengi, kila mmoja na mzigo wa yapata kilo 30, na kiongozi asiye na jela wala daftari. Sehemu ya jibu imo katika mzaha, na hasa katika mzaha wenye kanuni, ambao watu wa Tanzania huuita utani.

Utani ni uhusiano unaompa mtu ruhusa ya kumkejeli mwenzake, kumsingizia wizi au uchoyo, hata kumnyang'anya kitu chake mbele ya watu, ilhali mwenzake haruhusiwi kukasirika ila kujibu kwa namna hiyo hiyo. Upo baina ya babu na mjukuu, baina ya mashemeji, baina ya koo, na baina ya makabila mazima kama Wanyamwezi na Wazaramo, waliozoeana katika safari za pwani. Mtani hana ruhusa tu, ana wajibu pia, kwa maana ndiye anayetazamiwa kusaidia mazishi ya mtani wake, na katika msiba huo huo ndiye anayewachekesha wafiwa. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliufafanua utani kuwa njia ya kuwaunganisha watu ambao hali zao zingeweza kuwagombanisha, na katika miaka iliyofuata Reginald Moreau, ambaye kwa kazi yake hasa alikuwa mtaalamu wa ndege huko Amani, Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuona kwamba mara nyingi wenyewe waliueleza kwa vita vya zamani. Adui wa jana akageuzwa mtu wa kutaniwa: kwa msafara uliochanganya watu, hiyo ilikuwa faida kubwa kuliko bunduki.

Picha iliyo kamili zaidi ya uongozi wa namna hiyo inatoka njia ya kati ya misafara, ambako mpelelezi Mwingereza Richard Burton alisafiri kuanzia mwaka 1857. Kirangozi, yaani mpagazi aliyetangulia msafara na ambaye wapagazi wenyewe walikuwa na sauti katika kumpata, alivaa joho jekundu lenye mikia ya kuning'inia na kichwani akavaa ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, tena aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Vazi hilo lilikuwa la fahari na la kuchekesha kwa pamoja, na hapana sababu ya kudhani kwamba mvaaji hakulijua hilo. Cheo chake kilimruhusu kuwa kichekesho bila kuvunjiwa heshima.

Katika bonde la Lukuledi kwenyewe shahidi ni Karl Weule, mwanaethnolojia wa Leipzig, aliyeondoka Lindi mwaka 1906 na kupanda hadi Masasi kupitia Nyangao, ambako misheni ya Wabenedikto ilikuwa imechomwa moto katika Vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia. Kitabu chake hakifichi dharau ya zama zake, lakini kinamhifadhi Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi wake. Mnyapara ni msimamizi wa kundi la kazi. Huyu alikuwa pia mwimbishaji, akitoa mstari nao wapagazi wakiitikia. Jina lenyewe, thamani ya sarafu mbili ndogo, ni jina la mtu aliyekubali kuchekwa.

Juu ya wanyapara wa aina hiyo utawala wa Kijerumani uliweka uongozi wa aina nyingine: akida, yaani ofisa wa serikali aliyesimamia majumbe wa vijiji na kwa kawaida hakuwa mwenyeji, kodi ya nyumba, na adhabu ya viboko 25 ambayo watu waliiita hamsa ishirini. Mashamba ya mkonge yaliyoenea karibu na Lindi yaliendeleza mtindo huo hata chini ya Waingereza. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na mkataji alihesabiwa matita ya majani 30, kila tita likipita mbele ya jicho la mnyapara ambaye sasa aliteuliwa na meneja na kumjibu meneja peke yake. Jina lilibaki lile lile la njia ya misafara, ila mwenye nalo hakutaniwa tena, kwa kuwa aliyemtania angeweza kupoteza siku yake kwenye kipande.

Mzaha haukufa, ulihama. Ulihamia kwanza katika majina ya kupanga: Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, aliitwa Mkono wa Damu, naye Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Kijerumani, akaitwa Bwana Sakarani, yaani mlevi, jina alilolipokea kama sifa hata shamba lake la Usambara likaitwa Sakarani. Kicheko kinachogeuzwa nishani na yule anayechekwa kimekwisha kazi. Ulihamia pia katika beni, ngoma ya gwaride iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikasambazwa zaidi na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia historia mwaka 1975. Vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni wao, vikiiga vyeo vya wakoloni kwa kejeli isiyoweza kushtakiwa, huku vikisaidiana katika ugonjwa na maziko. Watawala waliviogopa kama siasa. Wangefaa kuviogopa zaidi kama shule, kwa sababu humo watu waliokuwa wakitumwa mchana walijifunza jioni kuamuru, kuhukumu na kuchekwa na wale waliowaamuru.

Leo sehemu hiyo ya Lindi ina Halmashauri ya Mtama, na watumishi wanaopangiwa vituo mbali na kwao huuliziana makabila mapema ili kujua nani ni mtani wa nani. Hata hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, ukiwamo wa kabila, na kuuhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, hivyo mkuu wa idara anayemwita msaidizi wake mwizi wa mihogo kwa kutegemea utani anategemea kanuni ambayo sheria haiisemi. Kwa desturi angekuwa salama pale tu ambapo msaidizi, mbele ya watu wale wale, angeweza kumjibu kwa tusi kubwa zaidi bila kuhofia tathmini ya mwisho wa mwaka.