Makaburi ya Askari wa Kibera

Kule Lilongwe, ukitoka Area 49 kwenda City Centre, kuna mnara mrefu wa kuwakumbuka askari wa Malawi waliokufa vitani. Wengi wao walitumikia King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Mnara ni wa waliokufa. Sasa tuulize: wale waliobaki hai, wakazeeka, walipewa nini? Jibu moja liko Nairobi, mahali panaitwa Kibera.

Jeshi hilohilo lilikuwa na askari Wanubi. Asili yao ni Sudan, wakapitia Uganda mpaka Kenya. Walipomaliza kazi, Mwingereza hakuwarudisha kwao. Badala ya pensheni aliwapa msitu pembeni ya mji. Kwa Kinubi msitu ni kibra, ndiyo jina limetoka hapo. Wakafyeka, wakajenga, wakalima, wakazaa. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi eneo hilo kwa ajili ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Lakini hati ya ardhi hawakupewa. Walikuwa na kibali cha kukaa tu.

Hapo ndipo shida ilianzia. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na wajukuu wa askari wakahesabiwa kama wageni. Kijana wa Kinubi akienda kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza, akaambiwa alete makaratasi ya babu yake. Babu alikuwa na nini? Alikuwa na kaburi.

Makaburi ya Wanubi yako Kibera mpaka leo. Si mnara wa kupigia picha. Lakini yanatoa ushahidi: watu hawa waliishi hapa, wakafa hapa, wakazikwa na watoto wao.

Hata hivyo, udongo peke yake haukutosha. Ilibidi waende kwenye sheria. Mwezi wa tatu mwaka 2011, kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto Wanubi, pamoja na haki ya uraia. Mwaka 2017 jumuiya yao ikapata hati ya ardhi, ekari 288. Kutoka zaidi ya 4,000! Na ilichukua karibu miaka 100.

Sisi wa Dzaleka hatukuja kama askari, na hakuna aliyetuahidi shamba. Hilo tunalijua. Lakini kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, na wako waliozaliwa hapa ambao sasa ni wazazi. Wazee tumewazika hapa. Msalaba wa mbao, mchwa na mvua vikiumaliza, jina nalo linakwenda.

Ndugu zetu wa mashirika, mtu akifa jina lake linatolewa kwenye orodha ya chakula. Ni sawa, marehemu hali. Ila tunaomba jina hilo lihamie kwenye orodha nyingine.

Na sisi vijana tusingoje. Tukae na wazee, tuandike kwenye daftari: jina kamili la marehemu, alizaliwa wapi, aliingia kambini mwaka gani, amelala upande gani wa makaburi. Siku mjukuu atakapoulizwa babu yake alikuwa nani, asibaki kuonyesha tuta la udongo tu.