Kimbunga cha 1872 na bei ya karafuu

Ukitia karafuu kwenye pilau, hufikirii upepo. Lakini kuna siku ambayo upepo uliamua karafuu itoke wapi, nani atajirike na nani abebe mzigo: 15 Aprili 1872.

Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na vimbunga ni nadra kufika huko. Hicho kilifika. Kwa saa chache tu kiliangusha takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, kikavunja majahazi bandarini pamoja na meli za Sultani Barghash, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajamaliza kwenye kiti.

Wengi humalizia hadithi hapo: miti imeanguka, vyombo vimezama, basi. Kumbe hasara ndiyo kwanza inaanza safari. Mkarafuu ukiupanda leo, utangoja miaka sita hivi, pengine zaidi, ndipo uchume. Na wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara Wahindi wa mjini, shamba likiwa rehani. Mti umelala chini, deni bado limesimama.

Sasa cheki jirani. Pemba karibu haikuguswa. Kwa miaka mingi karafuu zilikuwa zimefurika sokoni, bei iko chini. Baada ya kimbunga bei ikapaa. Kufa kufaana: wenye mashamba Pemba wakapanda mikarafuu mbio mbio, na tangu enzi hiyo Pemba ndiyo hutoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Ila kupanda na kuchuma kunataka mikono, na wakati huo mikono ilikuwa ya watumwa. Juni 1873, Waingereza walimbana Barghash akakubali mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Je, biashara ilikufa? Wapi! Ilibadilisha njia tu. Watu walitolewa upande wa Kilwa, wakaswagwa kwa miguu kufuata pwani hadi kaskazini, kisha wakavushwa kwa siri mpaka Pemba. Safari ilikuwa ya hatari, lakini bei ya karafuu iliifanya iwe na faida. Utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897.

Barghash alipata meli mpya, Glasgow, mwaka 1878. Mkopeshaji alikuwa na rehani yake. Mwenye shamba Pemba alikuwa na mavuno. Mtu aliyetekwa bara, ambaye huenda hajawahi hata kuiona bahari, ndiye aliyelipa bila kuwa na deni la mtu.

Kwa hivyo siku tukisikia kimbunga kimepiga pwani, tusihesabu mapaa yaliyoezuliwa pekee. Tuulize pia: baada ya bei kupanda na deni kudaiwa, huu mzigo unaenda kutuliwa mgongoni mwa nani?